Bao Moja la Mzee Songoro

Kitendawili. Nyumba yangu ina mlango mmoja mpana usio na ubao, mtu huuziba kwa mwili wake, na kila mgeni anapoingia mwenye nyumba hulia.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimeufikia huo mji, nimekula wali, nimekunywa chai, na nimerudi na jibu: ni goli, lile la mpira wa miguu. Na huyo anayeuziba mlango ndiye kipa, na habari yangu ni ya kipa mmoja wa Jamhuri ya Herinyingi. Msiitafute nchi hiyo kwenye ramani, mtaumiza macho bure.

Huko Herinyingi aliishi mzee Songoro Mshamu, fundi wa magodoro ya sufi katika mtaa wa Mkunguni. Alikuwa na vitu viwili tu ambavyo asingevitoa hata angeshikiwa panga: jina lake na mjukuu wake. Mjukuu aliitwa Saumu, yuko darasa la saba, kichwa chake kinashika moto upesi kama kiberiti kikavu. Jina nalo mzee alilipata mchana mmoja, miaka arobaini na moja iliyopita, kwa kudaka mashuti kumi na moja. Akipita sokoni watu walimwita Kumi na Moja, na muuza kahawa hakupokea senti yake. Watoto walikuja kupima viganja vyao kwenye kiganja chake, wakaenda zao wamefurahi.

Sasa lazima mjue Kombe lenyewe, maana bila Kombe hakuna habari.

*

Kombe la Ujirani Mwema lilianzishwa na marais wanne waliokutana kuzindua daraja la mto. Siku ilipofika, daraja halikuwepo. Lakini bendi zilikwisha kuja, ng'ombe walikwisha chinjwa, na utepe ulikwisha fungwa kwenye miti miwili, kwa hiyo ilibidi kitu kizinduliwe. Rais mmoja alikuwa na mpira wa mwanawe ndani ya gari. Wakauzindua mpira. Tangu hapo, kila baada ya miaka mitatu timu za taifa za nchi nne zikawa zinakutana kugombea Kombe, na wananchi wa nchi zote nne wakawa wanavuka mto kwa mtumbwi kwenda kutazama.

Awamu ya kwanza Herinyingi walifungwa tano bila. Serikali ilitangaza kuwa ni upepo.

Awamu ya pili walifungwa tisa bila. Kipa wa siku hiyo alikuwa askari, akasimama golini mguu sawa tangu filimbi ya kwanza, na ofisa wake akasahau kumwambia mguu pande. Mipira ilimpita kulia na kushoto, naye anatazama mbele kama alivyofundishwa. Hakuna aliyemlaumu. Nidhamu ni nidhamu.

Awamu ya tatu walitoka sare bila kufungana na nchi ya Ng'ambo, kwa kuwa mpira, nao ulikuwa mmoja tu, ulipotelea kwenye shamba la mihogo dakika ya sita. Refa aliona haya kuvunja mchezo mapema hivyo. Watu ishirini na wawili wakakaa uwanjani wakitazamana mpaka dakika tisini zikatimia.

Awamu ya nne ndiyo ya Songoro. Walikwenda Ng'ambo, hadi mtoni kwa basi moja, na wachezaji wawili wakashushwa njiani, kwa sababu viti vyao vilihitajika kwa Kamati ya Taifa ya Shangwe, yaani shemeji wawili wa mkuu wa msafara. Wakacheza tisa. Ng'ambo walipiga mashuti kumi na nane golini. Songoro alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwembamba, mrefu kama mlingoti. Alidaka kumi na moja. Shuti la mwisho lilimvunja vidole viwili na bado hakuuachia mpira, mpaka refa alipomwendea kumbembeleza autoe ili mechi iishe.

Saba ziliingia, ni kweli. Herinyingi nao walipata bao lao, bao pekee walilowahi kufunga katika Kombe lile tangu lizaliwe hadi leo. Mshambuliaji wao, Bakuza Ndole, aliinama kufunga kamba ya kiatu mbele ya goli la wenyeji. Beki wa Ng'ambo akapiga mpira kuuondoa, ukamgonga Bakuza makalioni, ukarudi wavuni. Bakuza alipoinuka alikuta watu wanamkumbatia.

Saba kwa moja. Lakini watu wa Ng'ambo wenyewe ndio waliomnyanyua Songoro mabegani, wakazunguka naye uwanja mzima. Redio ya Herinyingi nayo ilisema hivi: bila kijana huyu zingekuwa kumi na nane. Nchi nzima ikalala na furaha. Ndivyo ilivyokuwa nchi ile siku hizo, ikifurahia ilichonacho.

*

Miaka ikapita, Kombe likatimiza nusu karne, na ikawa zamu ya Herinyingi kuandaa sherehe. Mheshimiwa Daktari Fumbwe, Waziri wa Ushindi, aliamuru lijengwe jumba la makumbusho la Kombe. Jumba likajengwa, zuri mno, lina vioo. Ndipo mtu mmoja alipouliza kitakachowekwa ndani.

Simlaumu Mheshimiwa. Mtu mwenye shughuli nyingi hawezi kukumbuka kila kitu, hata kwamba nchi yake haijashinda mechi hata moja kwa miaka hamsini. Alisikitika siku mbili, kisha akaunda Tume ya Kunyoosha Historia. Tume ikakaa kwenye hoteli ya ziwani miezi minane, maana historia ilikuwa imepinda sana.

Ugumu wao ulikuwa mmoja. Orodha za wachezaji zilikuwa na muhuri wa Rais wa Kwanza, na katika Herinyingi karatasi yenye muhuri haiguswi. Mtu aliwahi kufungwa kwa kuipuliza vumbi. Majina, basi, yalikuwa hayabadiliki. Lakini matokeo yalikuwa yameandikwa kwa kalamu ya risasi pembeni, nje ya muhuri. Tume ikaelewa kazi yake.

Siku ya kutoa ripoti Mheshimiwa alihutubia uwanja mzima, jua kali, kaunda suti ya rangi ya maziwa.

"Ndugu wananchi," akasema, "kwa miaka hamsini tumekuwa tukisoma matokeo yetu kutoka upande wa wageni. Mgeni akikaa kule, tano iko kwake. Mwenyeji akikaa huku, tano iko kwetu. Je, sisi ni wageni katika nchi yetu?"

Uwanja ukajibu kwamba hapana.

"Basi kuanzia leo tutasoma kutoka upande wetu."

Ikawa hivyo. Tano bila ikawa yetu. Tisa bila ikawa yetu, na yule askari wa mguu sawa akapewa nishani ya kipa ambaye wavu wake haukuguswa. Sare ya shamba la mihogo iliwasumbua kidogo, kwani waliigeuza na kuigeuza ikabaki vilevile. Wakaijadili siku kumi na moja, wakaamua kwamba ilikuwa mechi ya kirafiki. Makombe yenyewe yalitangazwa kuwa yako kwa majirani kwa matunzo, na kwa sherehe fundi wa masufuria akaagizwa atengeneze moja la kuanzia.

Mmeshaona inakoelekea? Mzee Songoro hakuona. Alikuwa pale uwanjani na mkewe, Bi Mwatima, wamekaa kwenye gazeti, na yeye alipiga makofi kama wenzake. Ni pale kijana wa Tume aliposoma awamu ya nne ndipo mikono ikasita. Saba kwa moja, Herinyingi mshindi. Mfungaji kwa mujibu wa orodha yenye muhuri, Bakuza Ndole, mabao yote saba. Aliyefungwa bao lile moja, kwa mujibu wa orodha hiyohiyo, kipa Songoro Mshamu.

Hesabu ilikuwa safi. Katika historia yote iliyonyooshwa, miaka hamsini ya ushindi mtupu, wavu wa taifa ulikuwa umeguswa mara moja tu. Na aliyeruhusu uguswe alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa kwenye gazeti, safu ya tatu kutoka nyuma.

Bi Mwatima alimshika mkono wakaondoka. Njiani alinyamaza, na kwa Bi Mwatima kunyamaza kulikuwa ugonjwa. Walipofika nyumbani akasema, "Ulifungwa saba ukawa bwana wa watu. Leo umefungwa moja umekuwa takataka. Hesabu hii ningeisomea wapi mimi niliyeishia darasa la nne?"

*

Mwanzoni mtaa ulicheka. Walidhani ni mambo ya sherehe, yatapita na mapambo. Lakini serikali ya Herinyingi ilikuwa na tabia moja: mambo ya maana ilisahau, mambo ya namna hii haikuyasahau kamwe. Ikatangazwa Dakika ya Majuto. Kila tarehe kumi na nne ya mwezi, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri, king'ora kinalia na nchi nzima inasimama kulisikitikia bao lile. Mwenye sufuria jikoni anaepua. Daktari anashusha kisu.

Mzee Songoro naye alitakiwa asimame, mbele ya nyumba yake, kichwa chini, na mjumbe wa nyumba kumi aje kuhakikisha. Mjumbe alikuwa jirani wa siku nyingi, godoro alilolalia lilishonwa na Songoro. Alikuja ameshika daftari kifuani kama mtu anayesikia baridi.

"Inamisha kidogo tu, mzee wangu," alimwomba. "Mradi nione."

Songoro akainamisha. Mjumbe akaandika. Kisha wakabaki wamesimama, hakuna aliyejua nani aage kwanza.

Watoto hawakuja tena na viganja vyao. Muuza kahawa alianza kupokea senti, na alipokea akitazama pembeni. Siyo kwamba watu walisahau. Wazee wote wa Mkunguni walikuwa na zile kumi na moja kichwani, moja baada ya nyingine. Ila kila mmoja alimngoja mwenzake aanze kusema, na mwenzake alikuwa anangoja vilevile.

Jioni moja Bi Mwatima, ili kumchangamsha mumewe, akamtegea. "Kitendawili."

"Tega."

"Serikali imemgawia kila mtu, hakuna aliyekipokea, na ukisema hujapata unafungwa."

Songoro akafikiri, akashindwa, akasema achague mji. Bi Mwatima akataka Ng'ambo. Songoro akasema huo hautoi, ndio mji pekee unaomkumbuka. Bi Mwatima akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga, kisha akamwambia jibu ni ushindi, akaendelea kujifuta macho ingawa kicheko kilikwisha.

*

Songoro alikwenda kwanza kwa Bakuza. Huyo alikuwa amehamishiwa mji mkuu, nyumba ya bati jipya, na mbele yake palikuwa na sanamu yake ya shaba. Mchongaji alikuwa mtu mwaminifu aliyefuata picha ya magazeti ya zamani, kwa hiyo sanamu ilikuwa imeinama, makalio kwa barabara kuu. Wageni wa kiserikali waliweka maua hukohuko.

Walikumbatiana. Walikunywa chai. Songoro akamwomba jambo moja tu: aende Wizarani aseme lilivyokuwa.

"Songoro ndugu yangu, nikudanganye kwa faida gani?" Bakuza akasema. "Nilikuwa nimeinama. Hata hilo moja lenyewe sikuliona."

"Basi kaseme hivyo."

Bakuza akazungusha kikombe. "Watoto wa shule wanakuja kuniimbia kila Jumatatu. Mwanzoni nilikuwa naona haya. Lakini nimeanza kuyakumbuka yale mabao, Songoro. Wallahi nayakumbuka. La nne lilikuwa zuri sana."

Songoro akamaliza chai, akaaga, akapita nyuma ya sanamu, ambako ndiko mbele.

Kutoka hapo akaenda Wizara ya Ushindi. Dirisha la kwanza lilimwambia aende la nne, la nne likampeleka la tisa, na la tisa lilikuwa limezibwa kwa ukuta tangu ukarabati, ingawa foleni yake ilikuwa ndefu kuliko zote. Siku ya tatu alipewa Fomu ya Rufaa Dhidi ya Furaha, akaijaza kwa nakala sita, na siku ya saba akaingizwa kwa katibu wa Tume, Bwana Kirimbai, mtu mpole mwenye miwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Bwana Kirimbai akampa kiti, akaifungua fomu. Akauliza kwa upole kama ni kweli mzee anadai kwamba taifa lilifungwa saba. Songoro akasema hakuja kudai wamefungwa, kufungwa kila mtu anakujua. Amekuja kwa ajili ya yale aliyodaka.

"Yapi hayo, mzee? Kwa kumbukumbu zetu Ng'ambo walipiga shuti moja. Nalo uliliachia."

Songoro akaweka mkono mezani, vidole viwili vimepinda kama ndoana. Bwana Kirimbai akatoa cheti kwenye faili. Daktari wa Wizara, ambaye hajamwona Songoro hata siku moja, alithibitisha kwamba vidole vile vilipindwa na sindano ya magodoro.

Feni ilikuwa inazunguka bila kuleta upepo. Kisha Bwana Kirimbai akainuka, akafunga mlango, akavua miwani.

"Nilikuwa na miaka minane," akasema. "Redio ya baba iliwekwa dirishani, mtaa mzima uko nje. Kila ukidaka mimi naweka kokoto mfukoni. Mama alinichapa kwa kuchana mfuko. Zilikuwa kumi na moja, mzee. Nilizihesabu mimi mwenyewe."

Songoro hakuwa ametarajia hilo. Akaitikia kwa kichwa. Alihisi mlango umefunguka mahali fulani.

Bwana Kirimbai akavaa miwani, akakaa, akavuta muhuri, akagonga nakala zote sita moja baada ya nyingine, bila haraka, kila moja imekaa sawa kwenye kisanduku chake. Imekataliwa. Akamfungulia mzee mlango, akamshika mkono ule wenye vidole vilivyopinda kwa mikono yake miwili, akamtakia safari njema.

*

Yote hayo Songoro angeweza kuishi nayo. Mtu wa golini huzoea. Lakini mwaka huo ukatoka waraka wa mtihani wa darasa la saba. Swali la kwanza, la lazima, nchi nzima: *Taja kwa jina kamili mtu pekee aliyeruhusu wavu wa Taifa kuguswa.* Atakayekosa hilo, maswali yake mengine hayatasahihishwa. Swali lilitangazwa mapema kabisa ili pasiwe na mtoto wa kusingizia kwamba hakujua. Serikali ilitaka wote wafaulu.

Jumamosi, siku mbili kabla ya mtihani, mwalimu mkuu alikuja Mkunguni mwenyewe. Alikataa kiti, akasema atasimama, hana muda, kisha akasimama saa nzima. Katika mtihani wa majaribio, akaeleza, Saumu alikuwa ameandika kwenye swali la kwanza: *Babu yangu alifungwa saba na akadaka kumi na moja.* Hesabu zake zote zilikuwa sahihi, na sayansi, na jiografia. Yeye mwalimu alizipitia kwa siri ili aone tu. Mtoto huyu angeingia sekondari yoyote anayoitaka. Lakini kwa mujibu wa waraka alimpa sufuri, na Jumatatu msahihishaji hatakuwa yeye.

"Nimemwambia, nimembembeleza," mwalimu akasema. "Ananijibu kwamba hawezi kuandika uongo juu ya babu yake. Mimi nimemfundisha kutosema uongo kwa miaka saba. Sasa nimwambie nini?"

Bi Mwatima akasema mtoto akiandika atakavyo itakuwa vizuri, angalau mtu mmoja katika nchi hii auandike ukweli. Kisha akasema sivyo, hakusema hivyo, wasimsikilize. Akaingia ndani. Huko ndani wakasikia anasogeza vyombo ambavyo havikuhitaji kusogezwa.

Kesho yake, mchana, baada ya kula, Songoro alitandika jamvi barazani. Akamwita Saumu aje na daftari na kalamu. Yeye mwenyewe alikaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, waraka magotini.

"Swali la kwanza," akasoma.

"Kumi na moja," Saumu akasema.

"Sikuuliza ngapi. Nimeuliza nani."

Saumu akakazia macho ukingo wa jamvi.

"Wenzako wote wa darasa wataandika," Songoro akasema. "Jina langu litaandikwa leo na kesho, Herinyingi nzima, hata usipoandika wewe. Halitapungua."

"Wao waandike. Wao si wajukuu zako."

"Sasa wewe ukikosa, nani atasoma? Mwalimu amesema utaingia popote. Mimi jina langu nimekwisha kulitumia, Saumu. Lilinifaa, nimekunywa nalo kahawa miaka mingi. Lako hata hujalianza. Andika."

Akaandika. Songoro akainama kutazama, akatikisa kichwa.

"Umeandika Babu. Kwa babu hawatoi alama. Wamesema jina kamili."

Akakata, akaandika Songoro Mshamu. Songoro akamwambia aongeze na la tatu, Kheri, wasije wakasema halikukamilika. Akamwelekeza aache nafasi baina ya neno na neno, na mkia wa herufi ushuke chini ya mstari, msahihishaji asipate kisingizio. Saumu akaandika, na tone likadondoka juu ya wino, jina likatanuka likawa la bluu.

"Karatasi yenye maji hawasahihishi," Songoro akasema. "Geuza. Anza upya."

Akageuza. Akaandika polepole, ameuma mdomo, safari hii pakavu. Alipomaliza alisukuma daftari mbele bila kulitazama. Songoro akalichukua, akalisogeza mwangani, akalisoma swali kwa sauti, kisha jibu. Akalisoma mara ya pili. Hakuona kosa. Akaomba kalamu, akaweka alama ya vema.